Kifungu cha Kumi na Nane

Zuhura alinipigia simu siku ya Jumamosi, akaniomba niende nyumbani kwake na vifaa vyangu. Hakuweza kuja dukani. Alikuwa amebakiza siku sita za eda, na mjane aliye edani hatoki nje bila ya dharura. Hakutaka pia fundi mwanamume aingie ndani. Fundi kompyuta mwanamke aliyemfahamu hapa Bagamoyo ni mimi, Nasrin Mikdad.

Kazi yangu ni ya namna moja. Watu huniletea kompyuta mpakato kuukuu ambazo mifumo mipya imezishinda. Mimi huziwekea Linux, ambayo ni nyepesi, na mashine iliyokuwa inangoja kutupwa huishi miaka mingine mitano. Nilisomea chuoni Dar es Salaam. Huko nilijifunza kanuni mbili ambazo sijazivunja: kila ninachokifanya hukiandika daftarini, na sifuti diski ya mtu kabla ya kuiwekea nakala.

Mashine aliyotaka Zuhura niitazame nilikuwa naijua. Nilimwekea Linux mumewe, Twalib Msabaha, miaka sita iliyopita. Twalib alikuwa mwandishi wa mikataba ya viwanja kule Mapinga. Asubuhi ya Alhamisi moja ya masika alitoka nyumbani kwa pikipiki kwenda kazini. Pikipiki ilionekana siku ya pili, kando ya Mto Mpiji, maji yalipopungua. Yeye hakuonekana.

Zuhura alingoja miaka minne. Mwezi wa Aprili mwaka huu kadhi aliamua kwamba Twalib ahesabiwe kuwa amekufa, na siku hiyo hiyo eda ikaanza. Kadhi aliweka sharti moja. Ikiwa kabla ya eda kwisha kitapatikana chochote cha kuonyesha kwamba Twalib yu hai, hukumu itatenguka na eda itakuwa si kitu. Zuhura angerudi pale alipokuwa: si mke, si mjane. Jumatatu ya kwanza baada ya eda alitakiwa kuanza kazi ya ukarani katika shule moja ya Mapinga. Ndiyo maana aliihitaji kompyuta.

Nilipiga hodi saa tatu asubuhi. Bi Kibibi, mama mzazi wa Twalib, alikuwa mkekani akichagua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo fundi huyu? Mbona bisibisi yake kama kijiti cha kuchokolea meno?"

"Skrubu zenyewe ndogo, bibi."

"Haya. Mwenyewe akirudi akakuta umezipoteza, mtaelewana."

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, amevaa gauni jeupe lisilo na nakshi. "Mama, haya tumeshayazungumza."

"Mmeyazungumza na kadhi. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Zuhura alivua uzi shingoni mwake. Kwenye uzi huo kulikuwa na ufunguo mmoja. Alifungua kabati, akaitoa kompyuta chini ya mashuka, akaiweka mezani.

"Haijatoka humu tangu alipoondoka," alisema. "Ufunguo huu nalala nao na kuoga nao. Futa kila kitu, dada Nasrin. Niwekee mpya."

"Usifute," Bi Kibibi alisema kutoka mkekani, bila kuinua kichwa.

Nilichomeka chaji. Betri kubwa ya mashine ile ilikuwa imekufa hata kabla Twalib hajapotea, kwa hiyo haiwaki bila umeme wa ukutani. Betri ndogo ya saa nayo ilikuwa imekufa. Hiyo ni betri ya duara, kama kitufe, inayoifanya kompyuta ikumbuke tarehe ikiwa imezimwa. Ikifa, kila unapoiwasha mashine inarudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani, na ni wewe unayepaswa kuiandikia leo ni lini na sasa ni saa ngapi.

Nilipomwambia Twalib aibadilishe, alikataa.

"Saa naijua mwenyewe," alisema. "Nitaiandika."

Na kweli aliiandika kila asubuhi, lakini aliiandika kwa saa zetu. Ikiwa ni saa mbili na robo asubuhi, aliandika 02:15, wakati kompyuta hutaka 08:15. Nilipoliona hilo nilicheka.

"Bwana Twalib, kompyuta yako inadhani ni usiku wa manane."

"Na mimi najua ni saa mbili asubuhi. Mmoja wetu anywe chai, mwingine akalale."

Sijaona mteja mwingine aliyefanya hivyo. Wengine huandika kama simu zao zinavyoonyesha.

Siku ile mezani kwa Zuhura niliipita hatua ya saa haraka, kama ninavyofanya siku zote ninapotaka kwanza kuona ugonjwa. Mashine iliendelea, kisha ikasimama. Ilikuwa ikikagua diski, na ikaandika lalamiko ninalolifahamu vizuri: tarehe ya mwisho diski kufunguliwa iko mbele kuliko tarehe ya leo. Kwa mashine yenye betri ya saa iliyokufa, lalamiko hilo ni la kawaida. Yenyewe inadhani huu ni mwaka ilipoundwa. Diski inakumbuka miaka iliyofuata.

Chini ya lalamiko, mashine huandika tarehe yenyewe. Niliisoma ili niinakili daftarini. Nilitarajia kuona mwezi wa Aprili, miaka minne iliyopita.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita. Saa 02:10.

Niliandika tarehe hiyo daftarini, kisha nikaikata, kisha nikaiandika tena. Nilichomeka flashi yangu, nikaiwasha mashine kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski, nikafungua kumbukumbu za mfumo. Ni orodha tu: nani aliingia, lini, akatoka lini. Hapo ndipo nilipoketi vizuri.

Twalib alikuwa ameingia kila siku ya kazi hadi Jumatano moja ya Aprili. Baada ya hapo, kwa miaka minne, hapakuwa na kitu. Kisha orodha ilianza upya mwaka huu, Alhamisi ya kwanza baada ya hukumu ya kadhi. Kila Alhamisi, saa 02:10, mtumiaji Twalib aliingia kwa nywila yake. Saa 02:40 alitoka. Alhamisi kumi na saba. Hapakuwa na hata moja iliyorukwa.

"Dada Zuhura," nilisema, "mumeo siku ile alitoka saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika kumi. Nilimwambia angoje mvua ipungue."

"Kuna mtu mwingine anayeijua nywila yake?"

"Mimi siijui. Kwa nini?"

Nilifikiri kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Mashine ile haikuwa na intaneti. Haikuwa na betri ya saa. Isingeweza kamwe kujua kwamba leo ni Alhamisi, wala Alhamisi ya lini. Lazima iambiwe na mtu, kwa vidole, kila inapowashwa. Na mtu huyo aliandika saa mbili asubuhi kuwa 02.

"Bibi," nilimwita Bi Kibibi, "wewe hujawahi kuifungua hii?"

Mzee alicheka hadi akaweka ungo chini. "Mimi? Hata simu yenyewe mnanipigia nyinyi, mie napokea tu. Nikibonyeza pembeni inakata."

Zuhura alikuja nyuma ya kiti changu. Hakuweza kuisoma orodha, lakini aliweza kuusoma uso wangu.

"Niambie."

Nilimwambia yote, kwa sauti ndogo. Alishika uzi wa shingoni kwa mkono mmoja hadi nilipomaliza. Kisha akauliza swali ambalo mimi, fundi, nilikuwa sijajiuliza.

"Alikuwa anafanya nini hiyo nusu saa?"

Nilitafuta. Faili moja tu lilikuwa limeguswa katika Alhamisi hizo zote. Jina lake lilikuwa "Tamko". Lilikuwa limeandikwa kwa mtindo wa mikataba yake ya Mapinga, wenye vifungu vyenye namba. Zuhura aliniomba nimsomee.

"Mimi, Twalib Msabaha, mkazi wa Bagamoyo, mwenye akili timamu, bila kushawishiwa wala kushurutishwa na mtu yeyote, natamka kama ifuatavyo.

"Moja. Kwamba nilitoka nyumbani kwangu siku ya Alhamisi saa mbili na dakika kumi.

"Mbili. Kwamba mke wangu aliniambia ningoje na sikungoja.

"Tatu. Kwamba maji yalikuwa yamepita juu ya barabara na nilidhani ni kina kifupi."

Bi Kibibi alikuwa ameacha kuchagua mchele. Niliendelea kusoma. Kila kifungu kilikuwa sentensi moja, na ilionekana kila Alhamisi iliongeza kimoja. Cha tisa kilisema kwamba kiatu cha kushoto kilitoka. Cha kumi na mbili kilisema kwamba mahali hapo pana mikoko. Cha kumi na sita kilisema kwamba mke wake hajaachwa. Kisha nikafika cha mwisho.

"Kumi na saba. Kwamba sijazikwa."

Chini yake palikuwa na nafasi za kutia saini, kama katika mkataba wowote. Mtoa tamko, pengo. Shahidi wa kwanza, Kibibi binti Kitwana, pengo. Shahidi wa pili, Nasrin Mikdad, pengo.

Nilijipa maelezo upesi. Zamani niliwahi kuwa shahidi katika mkataba mmoja wa Twalib. Huenda jina langu lilibaki katika karatasi aliyozoea kuanzia. Lakini jina la mama yake lisingebaki humo. Na faili lilihifadhiwa mara ya mwisho siku ya Alhamisi, siku mbili kabla Zuhura hajanipigia simu.

"Mwanangu yu hai," Bi Kibibi alisema. "Nipeni mtandio wangu. Nakwenda kwa kadhi."

"Mama, kaa."

"Nikae nini? Si kaandika mwenyewe? Kawaandikieni na kiatu!"

"Kasema hajazikwa, mama." Sauti ya Zuhura ilikuwa kavu. "Hakusema hajafa."

Bi Kibibi alibaki na mkono wake juu ya mtandio. Jirani alikuwa anatwanga kitu, na nikajikuta nahesabu mapigo yake.

"Ukienda kwa kadhi," Zuhura alisema, "mimi naanza upya kungoja. Miaka mingapi safari hii? Nitajie, mama, nijue."

Mzee aliketi. Hakukubali, aliketi tu.

"Futa," Zuhura aliniambia.

Niliweka nakala ya diski nzima kwenye diski yangu ya nje, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni. Sikumwambia. Kisha nilifuta. Niliweka Linux mpya, nikafungua akaunti mpya kwa jina la Zuhura na nywila aliyoichagua yeye. Nilifungua kifuniko cha chini, nikatoa betri ya saa iliyokufa na kuweka mpya. Niliandika tarehe na saa sahihi, nikazima, nikachomoa chaji, nikangoja robo saa, nikawasha tena. Saa ilikuwa sahihi. Niliandika daftarini: kazi imekamilika. Zuhura aliifungia kompyuta kabatini mbele yangu na kuuvaa ufunguo.

Jumatano alinipigia.

"Kesho asubuhi njoo. Kabla ya saa mbili."

"Imeharibika?"

"Sijaigusa. Sitaki tu kuwa peke yangu naye."

Nilifika saa mbili kasorobo. Jua lilikuwa limeshaingia hadi katikati ya chumba. Safari hii Bi Kibibi hakunitania. Alipokea salamu yangu, akasogea mkekani ili nipite. Zuhura alivua ufunguo, akafungua kabati, akaingiza mkono chini ya mashuka. Aliutoa haraka.

"Iguse," aliniambia.

Niliigusa. Ilikuwa ya vuguvugu, kama mashine iliyokuwa inafanya kazi muda si mrefu. Chaji yake ilikuwa mezani, imeviringwa kama nilivyoiviringa Jumamosi.

Tuliiweka mezani, tukachomeka chaji, tukaiwasha. Haikulalamika kitu. Iliomba nywila ya Zuhura, akaiandika. Simu yangu ilikuwa kando ya kompyuta, na nilizitazama saa zote mbili kwa pamoja. Simu ilisema 08:10. Kompyuta ilisema 02:10.

Nilikagua kila ninachojua kukagua. Majira ya saa yalikuwa ya Afrika Mashariki. Betri mpya ilikuwa na nguvu zake zote. Intaneti haikuwepo. Daftari langu lilionyesha kwamba Jumamosi niliiacha ikiwa sahihi.

"Kuna kitu kimefunguka," Zuhura alisema.

Programu ya kuandikia ilikuwa wazi. Hatukuifungua. Ukurasa ulikuwa mweupe, isipokuwa mstari mmoja juu kabisa, na baada yake kishale kikiwakawaka.

"18. Kwamba"

Hapakuwa na zaidi. Tulingoja. Kishale kiliwaka na kuzima, kikawaka na kuzima. Nilifikiri herufi zitajiandika, na nilijua kwamba zikijiandika nitakimbia. Hazikujiandika. Kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kinangoja mtu amalizie.

"Kaishiwa," Bi Kibibi alisema polepole. "Hajui la kusema tena, masikini."

Zuhura alivuta kiti, akaketi mbele ya mashine. Hakuwa mwandishi wa haraka. Alitumia kidole kimoja, na alisoma kwa sauti kila neno alilokuwa analiandika, kama watu wanavyosomewa mkataba kabla ya kutia saini.

"Kwamba... mke wake... alimngoja miaka minne... na amekaa eda yake yote katika nyumba hii... na kesho... anatoka."

Alipiga nukta. Kisha akageuza kichwa. "Mama. Mashahidi ni nyinyi. Mmesikia?"

"Nimesikia," nilisema.

Bi Kibibi alikuwa amefumba macho, mikono imeshika magoti. Zuhura alimngoja. Nami nilielewa kwamba asingetoka katika nyumba ile, si kesho wala siku nyingine yoyote, bila neno la mwanamke yule.

"Mama."

"Nimesikia, Zuhura," Bi Kibibi alisema. "Mimi Kibibi binti Kitwana. Nimesikia, na sina kinyongo."

"Dada Nasrin, saa inabadilishwa wapi?"

Nilimwonyesha. Hakuniachia nimbadilishie. Alifuta 02 na kuandika 08, kwa kidole kile kile, akafuta dakika na kuandika thelathini na moja, kama simu ilivyoonyesha. Aliondoa mkono mezani. Sote watatu tulitazama pembe ile ndogo ya kioo.

08:31. Ilikaa hapo muda mrefu kuliko dakika ninazozijua. Kisha ikawa 08:32. Kisha 08:33.

"Inakwenda?" Bi Kibibi aliuliza. Hakuwa amefumbua macho.

"Inakwenda, mama."

"Hairudi nyuma?"

"Hairudi."

"Basi kafa," Bi Kibibi alisema. Akavuta mtandio usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili ile ya mafuriko, kama Zuhura alivyonieleza baadaye, alimlilia mwanawe.

Jumamosi asubuhi Zuhura alikuja dukani kwangu. Alikuwa amevaa gauni la kijani na alinukia udi. Ilikuwa safari yake ya kwanza nje, na mkononi alikuwa na kifurushi cha gazeti. Nilifurahi kumwona. Nilimuuliza habari za kompyuta.

"Nzima. Jumatatu naenda nayo kazini." Alitazama mlangoni, kisha akanitazama mimi. "Nataka ile nakala."

"Nakala gani?"

"Dada Nasrin! Twalib alinisimulia kanuni zako. Hufuti kitu bila nakala."

"Wewe ulitaka ifutwe."

"Si yangu mimi. Ni ya mama. Hataisoma, wala hajui inawashwaje. Ataiweka kabatini, na ufunguo nimemwachia yeye." Alifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha bafta nyeupe, mpya, ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. "Amesema kile kifungu cha kumi na saba, cha kutozikwa, hakijajibiwa."

Nilifungua droo. Diski ya nje ilikuwa pale nilipoiweka wiki nzima iliyopita, haina waya, haijachomekwa popote. Nilipoishika ilikuwa ya vuguvugu.

Nilimpa. Na yeye alilihisi joto lile, kwa sababu vidole vyake vilisita. Aliilaza juu ya meza yangu, akaikunjia bafta mara tatu, kama ilivyo sanda ya mwanamume, akaibeba kwa mikono miwili hadi nje.